Ngoma Ikitangulia, Mashine Hufuata

Juni 1992, saa sita mchana, binti wa miaka 26 kutoka Salvador, mji mkuu wa jimbo la Bahia nchini Brazili, alipanda jukwaani chini ya jumba la makumbusho ya sanaa la São Paulo, lile linalojulikana kwa kifupi kama MASP. Lilikuwa onyesho la bure la kuwaburudisha wafanyakazi wa maofisi ya barabara ya Paulista wakati wa mapumziko ya chakula. Wakaja watu wapatao 20,000. Magari yakakwama. Jumba lile limenyanyuliwa juu ya nguzo nne zilizoacha uwazi wa zaidi ya mita 70 katikati, kwa hiyo umati uliporuka kwa pamoja jengo nalo likaanza kutikisika. Wenye dhamana wakaingiwa na hofu, onyesho likakatizwa kabla ya wakati wake.

Binti huyo ni Daniela Mercury. Kilichotikisa jengo ni samba-reggae, mdundo uliozaliwa katika mitaa ya watu weusi ya Salvador miaka ya 1980, ambao Wabrazili wengi wa kusini walikuwa hawajapata kuusikia ukipigwa mbele ya macho yao. Mwaka huohuo ikatoka albamu yake O Canto da Cidade, ikauza nakala zaidi ya milioni moja, na tangu hapo jina lake halijatoka midomoni mwa watu.

Miaka minane baadaye mwanamke huyohuyo alizomewa nyumbani kwake. Kanivali ya mwaka 2000 alipandisha mitambo ya tekno, muziki wa kompyuta wa kumbi za dansi, na madidjei juu ya lori lake la muziki, akapita nayo katikati ya Salvador, mji ambao ngoma ndiyo heshima yake. Wapo waliocheza. Wapo waliosema ameusaliti mji. Hoja yao tunaijua hata huku kwetu: muziki wa asili ubaki wa asili, mashine ni ya wageni, ukivichanganya unaharibu kimoja bila kutengeneza kingine.

Mimi ni mpenzi wa siku nyingi wa muziki wa Bahia, na mchanganyiko huo nimeusikia kwa masikio yangu, nikiwa nimesimama mbele ya wapigaji. Naamini waliomzomea walikuwa na haki ya kudai kitu, ila walikidai mahali pasipo. Mimi naangalia jambo moja tu: nani anashika mwendo, ngoma au mashine? Ngoma ikishika mwendo, ongeza umeme wote unaoutaka. Mashine ikishika mwendo na ngoma ikawekwa pembeni kama pambo, hapo nami nitazomea.

Tuanze na huo umeme, maana Salvador haikungoja mwaka 2000 ndipo ianze kuchomeka nyaya. Mwanzoni mwa miaka ya 1940 mafundi wawili wa mjini hapo, Dodô na Osmar, walikuwa wanahangaika na tatizo ambalo kila fundi mitambo analijua. Gitaa la kawaida ukilifunga kinasa sauti na kulipeleka kwenye spika, tumbo lake linarudisha sauti na spika inaanza kupiga mbinja. Dodô alikuwa fundi wa redio. Wakachukua kipande cha mti kilichojaa, kisicho na tumbo, wakakifunga nyuzi na kinasa sauti, mbinja zikakoma. Wakakiita pau elétrico, yaani gogo la umeme. Kanivali ya 1950 wakapanda gari kuukuu la Ford la mwaka 1929, wakalifunga spika, wakaingia mtaani wakipiga frevo, muziki wa mji wa Recife, na umati ukawafuata. Mwaka uliofuata wakamwongeza mtu wa tatu, ndipo likapatikana jina trio elétrico.

Leo trio elétrico ni lori zima lililogeuzwa ukuta wa spika pande zote, bendi na mwimbaji wako juu kabisa kama wapo kwenye paa la nyumba, na linatembea mwendo wa konokono kwa saa nyingi huku watu wakicheza mbele, nyuma na ubavuni. Njia mbili kuu za kanivali zimepewa majina ya wale mafundi: njia ya Dodô ni ya ufukweni, kutoka Barra hadi Ondina, na njia ya Osmar ni ya Campo Grande, mjini kati.

Sasa pima miaka. Spika zilianza kutembea barabarani 1950. Samba-reggae ikapatikana katikati ya miaka ya 1980. Mdundo ambao watu wanautetea dhidi ya umeme kana kwamba ni amana ya mababu ni mchanga kwa umeme huo kwa zaidi ya miaka thelathini. Nikiulizwa kipi ni cha jadi katika kanivali ya Salvador, siwezi kuliweka lori la spika nje ya jibu langu.

Lakini mizizi ya ngoma yenyewe ni mirefu kuliko hayo yote, na hapa inabidi nikae kidogo.

Brazili ilipokea Waafrika karibu milioni 5 waliotekwa na kuuzwa, kuliko nchi nyingine yoyote ya Amerika, na utumwa haukufutwa huko hadi Mei 1888. Bahia ilichukua wengi kutoka Angola na kutoka Ghuba ya Benin, Wayoruba wakiwa wengi miaka ya mwisho. Walikuwamo Waislamu waliojua kusoma na kuandika Kiarabu. Januari 1835, katika siku za mwisho za Ramadhani, hao walioitwa Malê walinyanyuka usiku mitaani Salvador wakitaka uhuru wao. Baada ya kushindwa, wengine walikutwa na karatasi zenye aya za Qur'ani zimeshonwa ndani ya hirizi. Nilipolisoma hilo kwa mara ya kwanza, mimi niliyelelewa Tanga ambako hirizi kama hizo si habari, nililazimika kukiweka kitabu chini. Leo kuna kundi kubwa la ngoma katika mtaa wa Itapuã, lililoanzishwa 1979, linaloitwa Malê Debalê kwa kuwakumbuka.

Upande wetu wa bahari pia ulitoa watu. Meli zilibeba mateka kutoka Kisiwa cha Msumbiji na Quelimane, nyingi zikienda Rio, na kutoka Rio wengi wakapelekwa bara. Mpaka sasa katika jimbo la Minas Gerais, kwenye sikukuu za Bibi Yetu wa Rozari, yapo makundi ya ngoma yanayoitwa Moçambique, na wachezaji wake hufunga miguuni vikopo vyenye mbegu au mawe madogo ndani, vinavyolia kila wanapokanyaga. Mtu wa Pwani akiziona zile njuga hahitaji kuelezwa.

Bahia ngoma zilihifadhiwa hasa ndani ya Candomblé, dini ya waliotoka Afrika na vizazi vyao. Ngoma zake ni tatu: rum, rumpi na lé. Ile kubwa, rum, ndiyo inayosema na mchezaji, ikimwita, ikimgeuza, ikimtuliza. Hizo mbili ndogo zinashika mwendo, na kengele ya chuma, agogô, inawakumbusha wote wapi pa kuanzia. Kwa miongo mingi polisi walizivamia nyumba hizo na kunyang'anya ngoma, na hadi 1976 nyumba ya Candomblé katika jimbo la Bahia ilitakiwa kuwa na kibali cha polisi ndipo ifanye ibada.

Mwaka 1974, nchi ikiwa bado chini ya utawala wa kijeshi, vijana wa Curuzu katika mtaa wa Liberdade walianzisha Ilê Aiyê, kundi la kanivali la watu weusi peke yao, chini ya baraka za Mãe Hilda, mama mkuu wa nyumba ya Candomblé ya hapo. Walipotoka mara ya kwanza kwenye kanivali ya 1975, gazeti moja kubwa la mjini likawaita wabaguzi. Leo jioni ya Jumamosi ya kanivali Ilê Aiyê inapotoka Curuzu, mji mzima unapanda mlima kuishuhudia: njiwa weupe wanaachiwa, bisi za mahindi zinarushwa hewani kuomba amani, ndipo ngoma zinaanza. Olodum ikafuata 1979 kule Pelourinho, mtaa wa mji mkongwe, na ndani ya Olodum mtu aliyejulikana kama Neguinho do Samba, aliyetokea Ilê Aiyê, akaitengeneza samba-reggae.

Alifanya nini hasa? Aligawa zile ngoma kubwa, surdo, ziwe na kazi tofauti. Surdo ni kama vumi letu kwa uzito, inaning'inia kiunoni na kupigwa kwa rungu lenye kichwa laini. Ya kwanza inauliza, ya pili inajibu, na nyingine zinajaza katikati kwa marungu mawili, mkono huu na huu. Juu yake zikaja repique, ngoma ndogo kali, akawapa wapigaji vijiti vyembamba vinavyopinda, vilivyo ndugu wa vile vya Candomblé, badala ya vijiti vinene. Pale sauti ikabadilika: chini kuna mlima unaotembea taratibu, juu kuna mvua. Mwendo wote ni wa pole, mapigo 80 hadi 100 kwa dakika, wa kutosha mtu kupanda mlima wa Pelourinho na ngoma kiunoni bila kuishiwa pumzi.

Huo mwendo wa pole ndio ulionifanya nielewe kwa nini mchanganyiko na mashine uliwezekana. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Brazili ilikuwa imeshikwa na drum and bass, muziki wa kompyuta wenye ngoma za haraka na besi nzito. Vijana wa São Paulo kama DJ Marky na DJ Patife waliuchukua muziki huo wa London wakautia bossa nova na samba. Kibao cha Marky na mwenzake XRS, LK, kiliingia kwenye chati za Uingereza 2002. Drum and bass inakwenda mapigo 160 hadi 180 kwa dakika. Ukigawa kwa mbili unapata 80 hadi 90, ndiyo mwendo wa samba-reggae. Mtu anaweza kucheza mwendo wa surdo kwa kiuno na mwendo wa mashine kwa miguu, kwa wakati mmoja, wala hakuna anayemkanyaga mwenzake. Tekno ya mapigo 130 haina bahati hiyo. Inabidi mmoja avutwe. Nadhani sehemu ya ile zomeazomea ya mwaka 2000 ilitoka hapo: miili ya watu ilikuwa inaambiwa vitu viwili visivyogawanyika.

Kuna tatizo jingine la ndani zaidi. Kompyuta ikiachwa ilivyo inaligawa pigo katika vipande vinne vilivyo sawasawa kabisa. Mpigaji wa samba hagawi hivyo. Vipande vyake havilingani: kimoja kinawahi kidogo, kingine kinanyooshwa, na tofauti hiyo ndogo kuliko kupepesa jicho ndiyo inayomfanya mtu anyanyuke kwenye kiti. Ukimlazimisha mpigaji afuate mashine, anakuwa sahihi na ngoma inakufa. Dawa yake ipo, na wazalishaji wazuri wa Brazili wanaijua: kwanza rekodi wapigaji wakiwa huru, halafu sauti za mashine zisogezwe moja moja zikae pale walipopiga wao. Ni kazi ya kuchosha. Ndiyo maana wavivu wanafanya kinyume chake.

Mimi haya niliyaona wazi katika Pôr do Som, onyesho la bure ambalo Daniela amelifanya kwa miaka mingi kila tarehe mosi Januari pale kwenye mnara wa taa wa Barra, Farol da Barra. Jina hilo ni mchezo wa maneno juu ya machweo, na mahali penyewe panastahili. Mtu wa Tanga amezoea jua linalotoka baharini. Pale Barra, kwa kuwa rasi imegeukia ghuba, jua linazama baharini, na maelfu ya watu waliovaa nyeupe ya mwaka mpya wanalipigia makofi likiondoka. Wauzaji wa acarajé, bajia za kunde, wamekaa na sufuria zao za mafuta ya mawese, wenye mabiya wamebeba maboksi ya barafu begani, watoto wamepandishwa mabegani mwa baba zao.

Nilijipenyeza hadi ubavuni mwa jukwaa, upande wa wapigaji, na kwa muda mrefu nilimwangalia mpigaji mmoja wa surdo kuliko nilivyomwangalia mwimbaji. Mzee wa makamo, vidole viwili vimefungwa plasta, kichwa cha rungu lake kimechakaa hadi kitambaa kinachungulia. Alikuwa na kisikizio sikio moja tu. La pili liko wazi. Katika kisikizio kile, nadhani, kulikuwa na mapigo ya mashine. Sikio lililo wazi lilikuwa la wenzake. Na kila alipopandisha mkono, alikuwa anauchelewesha kidogo juu, kama anamngoja mtu, kisha anaushusha. Wenzake wote watatu walikuwa wanashuka naye palepale. Mashine ilikuwa inajua sekunde. Wale walikuwa wanajuana wao kwa wao.

Ikafika sehemu bendi ikanyamaza. Gitaa kimya, vinanda kimya, zikabaki surdo nne na repique mbili. Daniela, ambaye kabla ya kuwa nyota alisomea densi chuo kikuu, akaacha kuimba akacheza, mgongo umeinama kidogo, miguu karibu na sakafu, kwa ule mwendo wa Candomblé wa kukanyaga kana kwamba ardhi inasikia. Halafu sauti ya besi ya kompyuta ikaanza kupanda kutoka chini, taratibu mno, ikiwa haina pigo lolote bado, ni mngurumo tu. Nilijiambia, sasa ndipo wataiharibu. Mngurumo ukazidi hadi ukauhisi kwenye mbavu. Na hapo pigo la mashine lilipoingia, liliingia juu ya pigo la pili la surdo, lile la kujibu, na halikuja na haraka yoyote. Mzee wangu hakubadilisha kitu. Rungu likaendelea kungoja juu na kushuka. Mashine ndiyo iliyojisogeza ikakaa kwake.

Umati ulipiga kelele ambayo sina maneno ya kuieleza. Mama mmoja mtu mzima jirani yangu, nguo nyeupe, shanga za bluu na nyeupe shingoni, alikuwa anacheza mwendo uleule aliokuwa anaucheza kabla kompyuta haijaingia. Kwake hakuna kilichoharibika.

Baada ya onyesho lile nilirudia albamu zake mbili. Sol da Liberdade ilitoka mwaka uleule wa 2000 aliozomewa, na ndani yake umo Ilê Pérola Negra, wimbo wa sifa za Ilê Aiyê uliotoka katika kundi hilohilo na watunzi wake. Kwa hiyo mwaka ambao walisema ameitupa ngoma ndio mwaka aliowafanya Wabrazili wa kila jimbo waimbe wimbo wa Curuzu. Kisha Carnaval Eletrônico ya 2004, ambapo aliwaita wazalishaji na madidjei mbalimbali wakae na mapigo ya kanivali. Si nyimbo zote zimefaulu. Kuna mahali, kwa maoni yangu, mashine imechukua usukani na unasikia albamu inakuwa baridi. Lakini Maimbê Dandá, utunzi wa Carlinhos Brown na Mateus Aleluia, ulitawala kanivali ya mwaka huo kwa haki kabisa. Ukiondoa kila sauti ya kompyuta katika wimbo ule, bado unasimama. Hicho ndicho kipimo changu.

Sasa nije kwenye kitu ambacho waliozomea walikuwa na haki ya kukidai.

Daniela ni mwanamke anayeonekana mweupe katika mji ambao watu wake karibu wanane kwa kila kumi ni weusi au machotara. Wimbo uliomtoa kitaifa, O Canto da Cidade, unasema kwamba yeye ndiye rangi ya mji huo. Mtunzi mwenzake katika wimbo huo ni Tote Gira, mtu mweusi wa Salvador ambaye wengi wanaouimba hawajawahi kulisikia jina lake. Kabla ya Daniela, mwaka 1987, Margareth Menezes, mwanamke mweusi wa mji uleule, alikwisha kurekodi Faraó, utunzi wa Luciano Gomes ulioimbwa kwanza na Olodum, na ndio uliofungulia samba-reggae mlango wa studio. Luciano Gomes huyohuyo ndiye mtunzi wa Swing da Cor, wimbo uliompandisha Daniela redioni. Margareth alizunguka dunia, akaheshimiwa, na mwaka 2023 akawa waziri wa utamaduni wa Brazili. Lakini fedha za miaka ile ya neema, matangazo ya televisheni, mikataba minono, vilikwenda zaidi kwa waimbaji wenye ngozi nyeupe. Hilo lilijadiliwa Salvador wakati huo na linajadiliwa hadi leo.

Ukiwa mtaani wakati wa kanivali unaliona kwa macho. Kulizunguka lori kuna kamba ndefu. Ndani ya kamba ni waliolipia fulana maalumu, abadá. Nje ya kamba ni wasiolipa, wanaoitwa pipoca, bisi, kwa jinsi wanavyorukaruka. Na walioishika kamba yenyewe, wakisukumwa na pande zote mbili kwa saa nyingi kwa ujira mdogo, ni cordeiros, karibu wote weusi. Watoto wa mitaa iliyozaa mdundo wanashikilia kamba inayowatenga na mdundo. Miaka ya karibuni malori yasiyo na kamba yameongezeka, na Daniela ni miongoni mwa waliotoka bila kamba. Nampa heshima yake kwa hilo, na pia kwa kuwa tangu mwanzo amekuwa akitaja majina ya makundi ya ngoma jukwaani na kuwapandisha wapigaji wake mbele, si nyuma ya pazia. Haitoshi kufuta deni lote, na sidhani mwimbaji mmoja anaweza kulilipa. Lakini ndipo hasira ilipotakiwa kuelekezwa: kwenye kamba, kwenye mikataba, kwenye majina ya watunzi yanayoandikwa kwa herufi ndogo. Kompyuta ilichukua lawama ya kitu ambacho haikukifanya.

Isitoshe, makundi yenyewe ya watu weusi hayakuwahi kuuogopa umeme. Ara Ketu, kundi la mtaa wa Periperi lililoanza 1980, liliongeza vinanda vya umeme na magitaa juu ya ngoma zake miaka mingi kabla ya lori la tekno, nao pia walilaumiwa. Baadaye ikaja BaianaSystem, iliyoanza 2009, inayorudisha lile gogo la umeme la Dodô na Osmar, sasa likiitwa guitarra baiana, na kulipandisha juu ya besi nzito za spika za Jamaika na mapigo ya samba-reggae. Lori lao halina kamba. Wanaowafuata ni vijana wa mitaa ileile ya pembezoni, na hakuna anayewauliza kama wanachocheza ni cha asili.

Kwetu Dar es Salaam tuliwahi kuwacheka watu wa mchiriku kwa vile vinanda vyao vidogo vya Casio na spika za kuungaunga, hadi mtoto wake, singeli, alipoanza kualikwa Ulaya. Ndiyo maana nasema mjadala huu naujua.

Anayetaka kuanza safari hii, nitamwelekeza hivi. Aanze na Ilê Aiyê wenyewe, ngoma na sauti za watu bila kitu kingine, mpaka sikio lizoee surdo inayouliza na inayojibu. Kisha Faraó ya Margareth Menezes. Kisha O Canto da Cidade yote, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Baada ya hapo ndipo aweke Ilê Pérola Negra ya mwaka 2000 na Maimbê Dandá ya 2004, moja baada ya nyingine, akifuatilia surdo tu na kuipuuza sauti ya mwimbaji katika usikilizaji wa kwanza. Mwisho BaianaSystem, sauti ikiwa juu kiasi majirani watakachovumilia. Na tafadhali atafute spika yenye besi ya kweli, aazime kama hana. Kwenye spika ya simu surdo haitoki kabisa, na bila surdo atakuwa amesikia nusu ya juu tu ya muziki huu.